Haki za Mtoto Mwenye Maradhi ya Huzuni

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema Mtume wake, darsa yetu ya mara hii ni katika jambo ambalo watu wetu hawapendi kulitaja, nalo ni maradhi ya huzuni yawashikayo watoto. Wengine huyaita sonona. Hatukusudii kufundisha namna ya kuyatibu, kwani hiyo ni kazi ya matabibu waliosomea. Tutakalo ni kueleza lililo haki na lililo dhuluma katika kumwuguza mtoto aliyeshikwa nayo. Kwa kuwa mtoto akiwa na homa kila mtu humhurumia, lakini akiwa na maradhi ya huzuni mara nyingi hupigwa.

Na sababu ya kupigwa ni kuwa maradhi haya kwa mtoto hayafanani na vile tudhanivyo. Sisi twangojea kumwona mtoto akilia. Wengi wao hawalii. Huwa wakali, hukasirika kwa jambo dogo, hujibu wazee wao kwa ukorofi. Hulalamika tumbo na kichwa, na daktari akiwapima haoni kitu. Huacha mpira, huacha wenzao, hulala mno au hukesha, na masomo yaliyokuwa mepesi kwao yakawa mazito. Baba akiyaona haya husema kuwa kijana ameharibika kwa uvivu. Lakini matabibu wasema hali kama hiyo ikiendelea kwa wiki mbili na zaidi, karibu kila siku, ikamzuia mtoto katika chakula chake, usingizi wake na masomo yake, basi yapasa aonwe na mjuzi, kwani huenda yakawa ni maradhi wala si tabia. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria kuwa katika kila vijana saba walio baina ya miaka 10 na 19, mmoja ana maradhi ya nafsi ya namna moja au nyingine. Kwa hisabu hiyo hapana mtaa wetu mmoja, Mombasa wala Malindi wala Lamu, usiokuwa na watoto hawa, na hapana chuo wala skuli isiyokuwa nao.

Kuna wasemao: huzuni ya mtoto ni huzuni gani, naye hana deni wala hana mke? Maneno haya yaonyesha kuwa wenye kuyasema hawakuisoma sira ya Mtume wetu (s.a.w.). Anas bin Malik alikuwa na ndugu yake mdogo, kuniya yake Abu Umair, na mtoto huyu alikuwa na kidege akikichezea. Siku moja Mtume alipowazuru alimwona mtoto amenyong'onyea, akauliza ana nini, akaambiwa kidege chake kimekufa. Hakusema kuwa kidege ni kitu gani hata kiliziwe. Alimwita mtoto yule kwa kuniya yake, kama aitwavyo mtu mzima, akamwuliza khabari za kidege chake kwa maneno ya kumliwaza. Wanazuoni wametoa katika hadithi hii fupi faida nyingi, hata Ibn al-Qas wa Tabaristan akaiandikia kijitabu peke yake chenye faida sitini na zaidi. Sisi twaitaka moja tu hapa: kwamba aliuona uso wa mtoto umebadilika, akauliza.

Wala si kweli kuwa maradhi haya ni mambo ya Wazungu yaliyotufikia juzi. Abu Zaid al-Balkhi, aliyezaliwa mwaka wa 850 na kufa mwaka wa 934, alitunga kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Ndani yake aliigawanya huzuni mafungu mawili: ile yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupoteza mali, na ile imjiayo mtu bila ya yeye kujua sababu yake, ambayo aliinasibisha na mwili wenyewe, akasema itibiwe kwa dawa za mwili. Damascus ilijengwa hospitali ya Nuruddin mwaka wa 1154, na Cairo ikajengwa ya Sultani Qalawun mwaka wa 1284, na wagonjwa wa akili wakapokewa humo pamoja na wagonjwa wengine. Na sisi leo, likitajwa jina la Port Reitz barazani, watu huangaliana wakacheka. Basi ni nani aliyerudi nyuma?

Katika jambo la kusomewa hatutaki kusema mengi. Mtoto kusomewa Kurani na kuombewa dua na wazazi wake ni jambo jema, wala tabibu mwenye akili halizuii. Tulikataalo ni kumpunga kwa ngoma, na kumfukiza mpaka akakosa pumzi, na kumfunga, na kumpiga kwa kudai kuwa apigwaye ni pepo si yeye. Fimbo haimjui pepo. Na aliye mbaya zaidi ni yule mganga amwambiaye mzazi asimpeleke mtoto hospitali maadamu yuko mikononi mwake.

Sasa tufike kwenye suala lenyewe lililotufanya tuiandike darsa hii. Maalimu mmoja wa chuo ametuletea swali. Ana mwanafunzi wa miaka kumi na minne, kijana hodari wa kusoma, aliyebaki nyuma siku moja wenzake walipotoka, akamwomba maalimu amwapie kwa Mwenyezi Mungu kuwa hatamwambia mtu. Maalimu akaapa kabla ya kujua ataambiwa nini. Kijana akamwambia kuwa amechoka na maisha, na kuwa usiku hufikiri namna ya kujiua. Maalimu anauliza: je, aishike yamini yake, au amwambie baba wa kijana? Na akimwambia, je, hatakuwa amekhini amana?

Swali hili ni zito, na kabla ya kulijibu yatupasa tuipe siri ya mtoto uzito wake. Watu wetu huona kuwa mtoto hana siri. Barua yake husomwa, simu yake hufunguliwa, na alilomwambia mamake usiku hujulikana na shangazi zake asubuhi. Huku sivyo tulivyofundishwa. Anas huyo huyo, alipokuwa kijana akicheza na wenzake, Mtume (s.a.w.) alimtuma haja, akachelewa kurudi kwao. Mamake akamwuliza alikuwa wapi, akamwambia alitumwa haja. Akamwuliza ni haja gani, akasema hiyo ni siri. Na mama yule, Mungu amwie radhi, hakumlazimisha wala hakumkemea, bali alimwusia asiitoe siri ile kwa mtu yeyote. Basi ikiwa mama alikubali mwanawe awe na la kumficha, mtoto ana haki ya kuwa na siri, na mtu mzima aliyeaminiwa ana wajibu wa kuihifadhi. Kijana aliyeshikwa na huzuni akimwamini mtu mmoja, mtu yule huenda ndiye kamba yake ya pekee. Akisikia maneno yake yanazungumzwa kwenye kibaraza, ataikata kamba hiyo, na mara ya pili hatamwambia mtu.

Pamoja na hayo, jawabu yetu kwa maalimu ni kuwa haijuzu kunyamaza. Siri hulindwa kwa ajili ya kumlinda mwenyewe. Ikiwa kuificha kutamwangamiza, basi aliyeificha hakumlinda. Na kanuni ya fikihi yajulikana, kuwa mwenye kuapa juu ya jambo kisha akaona lililo bora kuliko hilo, na alifanye lililo bora, kisha atoe kafara ya yamini yake: kulisha maskini kumi au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku tatu. Maalimu na alishe maskini kumi, na kijana aishi.

Lakini namna ya kuitoa siri ina adabu zake, na hapa ndipo wengi hukosea. Kwanza na amwambie kijana mwenyewe kabla ya kumwambia mtu mwingine: mwanangu, niliapa, lakini jambo hili ni la uhai wako, siwezi kulibeba peke yangu, nitamwambia fulani, na ukitaka tutakwenda pamoja. Pili, aseme lile linalohitajika tu. Baba anahitaji kujua kuwa mwanawe yumo khatarini na anataka tabibu; hahitaji kuhadithiwa kila neno ambalo kijana alilisema juu yake. Tatu, achague wa kumwambia. Twasema haya kwa kuwa yako majumba ambayo khatari ya mtoto imo ndani yake, na huenda amwumizaye ndiye huyo huyo tutakaye kumpelekea khabari. Hapo aambiwe mwingine wa ukoo aliye na huruma na uwezo, au daktari, au afisa wa watoto wa serikali. Na hapa Kenya iko simu ya watoto, nambari 116, haina malipo, naye mtoto mwenyewe aweza kuipiga.

Usiku ule ambao khabari imejulikana, kijana asiachwe peke yake. Dawa za panya na za wadudu, na vidonge vya wakubwa vilivyo kabatini, vifungiwe au vitolewe nyumbani. Wala mtu asiogope kumwuliza waziwazi kama amefikiri kujidhuru, na kama ameazimia lini na vipi. Wengi hudhani kuwa kuuliza ndiko kumtia fikira hiyo. Uchunguzi wa matabibu umeonyesha kuwa sivyo, na wengi huona wepesi wakiulizwa, kwa kuwa ni mara ya kwanza mtu kuwasaidia mzigo ule.

Wala huo si wakati wa kumsomea mtoto hukumu ya mwenye kujiua na adhabu yake. Hukumu hiyo twaijua sote, naye aijua. Mara nyingi ndiyo iliyomfanya anyamaze muda wote huo kwa haya na khofu. Aliye mdogo kalamu haijamwandikia dhambi, na aliyebaleghe ambaye maradhi yameishinda akili yake, hisabu yake iko kwa Mola wake, si kwetu. Kazi yetu ni kumzuia asife.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyowafanya wazazi wafiche. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya, kilichotokana na sheria za wakati wa Waingereza, kilifanya kujaribu kujiua kuwa ni kosa, na adhabu yake hata kifungo cha miaka miwili. Mzazi alichelea kuwa akimpeleka mwanawe hospitali, daktari atawaita polisi. Mwezi wa Januari mwaka wa 2025 Mahkama Kuu ya Nairobi ilihukumu kuwa kifungu hicho ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa chamwadhibu mtu kwa maradhi yake. Basi mzazi asimfungie mtoto nyumbani kwa khofu hiyo.

Lakini siri yaharibiwa na wazazi pia, tena kwa nia njema. Siku hizi mtoto akiugua, khabari yake hutiwa katika kundi la WhatsApp la ukoo mzima ili watu waombe dua, na pengine picha yake akiwa amelala kitandani. Dua haihitaji picha. Mwenyezi Mungu amjua mgonjwa bila ya kuonyeshwa. Mtoto yule atapoa, inshallah, atakua, ataposa au ataposwa, na ile picha ingali katika simu za watu mia. Upande wa pili wako wale ambao kwa kuchelea kuwa binti hataposwa huficha hata kwa tabibu, wakasema ana vidonda vya tumbo, mtoto akapewa dawa za tumbo mwaka mzima. Kumfichia mtoto maneno ya mtaa ni sitara. Kumficha asionwe na amtibuye ni dhuluma. Na mwalimu wa skuli aambiwe kiasi cha kumwezesha kumsaidia: kwamba mtoto anauguzwa, atakuwa na siku za kutokuja, asichekwe na asiadhibiwe kwa hesabu ambazo hakumaliza.

Tukitoka katika siri, huja jambo la ridhaa. Mzazi ni wali wa mtoto, na wali ni mwangalizi, si mwenye kumiliki. Siku moja Mtume (s.a.w.) aliletewa kinywaji, akanywa, na kuliani kwake alikuwako kijana, mdogo kuliko wote waliokuwapo, na kushotoni wazee. Alitaka kuwapa wazee, lakini haki ilikuwa ya wa kuliani, basi akamwomba kijana ruhusa. Kijana akakataa, kwa kuwa hakutaka kumpa mwingine fungu lake litokalo kwake Mtume, naye Mtume akampa kikombe. Ikiwa katika kikombe cha kinywaji mtoto aliombwa ruhusa, mbele ya wakubwa, na kukataa kwake kukaheshimiwa, itakuwaje katika dawa itakayoingia mwilini mwake na kubadilisha hali ya nafsi yake? Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka wa 2022 nayo yataka maslahi ya mtoto yatangulizwe, na rai yake isikizwe kwa kadiri ya umri na akili yake.

Kwa hivyo mtoto na aambiwe jina la maradhi yake, na dawa ni ya nini, na huenda ikamfanya nini. Tumesikia ya wazazi watiao vidonge katika chai au uji bila ya mtoto kujua. Siku akigundua, na watoto hugundua, hataiamini tena chai ya mamake, wala dawa, wala mama. Ikiwa kijana amekataa na hakuna khatari ya haraka, asubiriwe, aelezwe tena, aulizwe ni lipi alichelealo. Huenda achelea kuitwa mwendawazimu. Ikiwa uhai wake umo khatarini, hapo wali na tabibu wataamua kwa ajili yake. Lakini hata hapo aambiwe kweli kuwa wameamua, na kwa nini, asidanganywe kuwa wampeleka kumzuru nyanya yake ilhali wampeleka hospitali.

Na kweli haidaiwi kwa wazazi peke yao. Wenye dawa nao wana deni hilo, na kisa cha dawa iitwayo paroksetini ni cha kujulikana. Baina ya mwaka wa 1994 na 1998 kampuni ya SmithKline Beecham, ambayo baadaye iliungana na nyingine ikawa GlaxoSmithKline, iliijaribu dawa hiyo kwa vijana 275 wa Marekani na Kanada wenye maradhi ya huzuni. Mwaka wa 2001 yakachapishwa matokeo yasemayo kuwa dawa yafaa na haina madhara makubwa, na madaktari wakawaandikia watoto. Mwaka wa 2003 wakuu wa dawa wa Uingereza wakaonya wasipewe walio chini ya miaka 18. Mwaka wa 2012 kampuni ikakiri makosa mahkamani Marekani na kulipa dola bilioni 3, katika daawa iliyokusanya dawa hiyo na nyinginezo. Na mwaka wa 2015 wataalamu wengine walizisoma upya kumbukumbu za majaribio yale, wakaona kuwa dawa haikupita vidonge vitupu visivyo na kitu, na kuwa madhara yake, pamoja na fikira za kujiua, yalikuwa zaidi ya yalivyotangazwa. Watoto wale walijitoa ili wengine wapone. Waliokabidhiwa khabari zao wakazigeuza.

Msomaji asije akafunga ukurasa huu akaenda kutupa dawa za mwanawe. Dawa si moja. Fluoksetini imechunguzwa kwa watoto na ikaonekana ina nafuu. Katika uchunguzi mkubwa uliotolewa Marekani mwaka wa 2004, vijana 439 waligawanywa mafungu manne. Baada ya wiki kumi na mbili, waliopewa fluoksetini pamoja na matibabu ya mazungumzo walipata nafuu 71 katika kila mia; wa dawa peke yake 61; wa mazungumzo peke yake 43; na waliopewa vidonge vitupu 35. Mwaka huo huo idara ya Marekani isimamiayo dawa iliamuru onyo liandikwe juu ya dawa zote za namna hii, kwa kuwa katika majaribio waliyoyakusanya, fikira au vitendo vya kutaka kujiua vilionekana kwa watoto wanne katika mia wanaotumia dawa, na wawili katika mia wa vidonge vitupu. Na hapana hata mmoja katika majaribio yale aliyekufa kwa kujiua. Maana yake ni kuwa wiki za mwanzo mtoto aangaliwe kwa karibu, na mzazi aambiwe la kuangalia: akikosa utulivu ghafla, akikesha, akizidi ukali, arudishwe kwa daktari. Shirika la Afya Ulimwenguni huagiza kuwa walio chini ya miaka 12 wasipewe dawa za huzuni na madaktari wa kawaida, na walio juu ya hapo waanzwe kwa mazungumzo, kisha ikihitajika wapewe fluoksetini chini ya uangalizi wa bingwa. Mzazi ana haki ya kumwuliza daktari: dawa hii ni ipi, na kwa nini hii? Daktari asiyependa kuulizwa, na atafutwe mwingine.

Mtoto akipata nafuu, dawa haikatwi siku ile. Huendelezwa kwa miezi, sita au zaidi kwa kawaida, kisha hupunguzwa kidogo kidogo kwa rai ya daktari. Wengi huikata Ramadhani, na twaulizwa jambo hili kila Shaabani. Ambaye hajabaleghe hana faradhi ya saumu, na asishindanishwe na ndugu zake. Aliyebaleghe, ikiwa dawa yake ni ya mara moja kwa siku, amwulize daktari wake kama aweza kuinywa wakati wa daku au wa futari. Mara nyingi yawezekana. Ila aangaliwe usingizi wake, kwa kuwa kukesha mpaka daku kila siku ni kuyachochea maradhi haya, basi aachwe alale, ajapokosa maongezi ya usiku. Na ikiwa tabibu mwaminifu amesema kuwa kufunga kutamdhuru, yeye ni mgonjwa kama wagonjwa wengine, atakula, wala asifichwe jikoni kama mwizi. Siku hizo atazilipa akipata nguvu, kuanzia Mfunguo Mosi au miezi iliyo mbele yake, moja moja akitaka, wala si lazima kuzifuliza.